Nyarloka Mjini: Marjorie Oludhe Macgoye na Maana ya Nyumbani katika Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Mitaa ya mashariki ya Nairobi ilizaliwa katika dhana kwamba Mwafrika mjini ni mpita njia. Pumwani, mtaa wa kwanza uliotengwa rasmi na serikali ya kikoloni kwa ajili ya Waafrika, ulifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Baadaye ikafuata Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Bahati na mingineyo. Vyumba vingi vilivyojengwa na halmashauri na waajiri vilikusudiwa wanaume wanaoishi bila familia. Mke na watoto walitarajiwa kubaki mashambani, na mfanyakazi mwenyewe arudi huko nguvu zimwishiapo. Wakazi, hata hivyo, hawakuipokea dhana hiyo kama ilivyo. Katika Pumwani na Majengo wanawake kadhaa walijenga nyumba zao wenyewe, wakapangisha vyumba na kuzeekea humo. Hata lugha ilishiriki katika kudai makazi: jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, Carrier Corps, lilisagwa katika vinywa vya watu mpaka likawa Kariokor, jina la mtaa na la soko.

Katika mji huo ndimo alimoingia, mwaka 1954, mwanamke wa Kiingereza aliyezaliwa Southampton mwaka 1928. Marjorie King alikuja Kenya kuuza vitabu chini ya shirika la wamisionari la CMS. Mwaka huo huo, mwezi wa Aprili, serikali ilikuwa imeendesha msako mkubwa ulioitwa Operation Anvil, ambao kwao maelfu ya Wagikuyu, Waembu na Wameru waliondolewa Nairobi na kutiwa vizuizini. Kwa hiyo mji aliouona kwanza ulikuwa mji wa vibali na misako, ambamo haki ya mtu kulala chumbani mwake ilitegemea karatasi. Mwaka 1960 aliolewa na D. G. W. Oludhe Macgoye, Mjaluo. Uhuru ulipopatikana, akachukua uraia wa Kenya. Aliishi Nyanza, akasimamia duka la vitabu la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwaka 1971 hadi 1975, kisha akarudi Nairobi kuendesha duka jingine la vitabu. Alifariki mwaka 2015, akiwa amekwisha kuitwa na wengi mama wa fasihi ya Kenya.

Fikira zake juu ya ugeni zinajumlishwa na jina alilolitia katika diwani yake ya mwaka 1977, Song of Nyarloka. Katika Kijaluo, nyar ni binti na loka ni ng'ambo. Nyarloka basi ni binti wa ng'ambo. Msomaji asiyejua desturi huweza kudhani kwamba jina hilo linamtenga Mzungu huyu na wanawake wengine. Ukweli ni kinyume chake. Wajaluo humwita mwanamke aliyeolewa kwa mahali alikotoka: nyar Alego, nyar Ugenya, nyar Gem. Kila mke aingiapo katika boma la mumewe huingia kama mgeni, na jina la kwao humfuata hata uzeeni. Jina la Nyarloka, kwa hiyo, lilimpa mwandishi huyu nafasi miongoni mwa wageni wengine, si nje yao. Umbali alioutoka ulikuwa mkubwa zaidi, lakini hali ilikuwa ile ile.

Hapa ndipo penye chimbuko la ubunifu wake. Riwaya yake mashuhuri, Coming to Birth, iliyotoka mwaka 1986 na kupata Tuzo ya Sinclair, inaanza mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari. Paulina, msichana wa miaka kumi na sita, anafika Nairobi kwa treni kumfuata mumewe Martin, na makazi yao ni chumba kimoja katika Pumwani. Mimba inaharibika, atokapo hospitali anapotea njia katika mji asioujua, na apatapo kurudi anapokewa kwa kipigo. Tangu hapo riwaya inamfuata mpaka mwaka 1978, huku historia ya nchi ikipita ndani ya maisha yake: mwanawe mdogo anauawa kwa risasi katika ghasia za Kisumu za mwaka 1969. Ikilinganishwa na Going Down River Road (1976) ya Meja Mwangi, ambayo mji wake ni wa vibarua wa kiume, mahali pa ujenzi na vilabu vya pombe, riwaya ya Macgoye huutazama mji kutoka chumbani. Paulina anajifunza njia, kisha kazi, kisha kujisemea. Mji haumpi makao. Ni yeye anayeyatengeneza, polepole, kwa ujuzi wa mikono yake.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika nje ya fasihi mara tu baada ya riwaya hiyo kutoka. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986, na mjane wake Wambui akataka kumzika karibu na Nairobi walikoishi. Ukoo wa Umira Kager ukapinga. Shauri likafika Mahakama ya Rufani, na mwezi wa Mei 1987 marehemu akazikwa Nyalgunga, Siaya. Katika mabishano hayo tofauti ya nyumba na nyumbani ilikuwa mhimili: mtu aweza kuwa na nyumba mjini, lakini nyumbani kwake ni kwenye ardhi ya baba zake. Ni ajabu kwamba hoja hiyo ya mila ilikaribiana sana na dhana ya mkoloni kuhusu mpita njia, ingawa shina la kila moja ni mbali na la nyingine. Paulina, ambaye hana ardhi kwa jina lake na kwa muda mrefu hana mtoto, hapati nafasi ya kutosha katika yoyote kati ya hizo mbili. Mwaka huo huo wa 1987 ilitoka The Present Moment, ambamo wanawake wazee wa makabila mbalimbali wanaishi pamoja katika makao ya wazee jijini Nairobi, kila mmoja na kumbukumbu zake. Hao nao swali la nyumbani huwahusu, kwani hawana tena pa kurudi.

Hata hivyo kuna upungufu usiofaa kufichwa. Macgoye aliandika kwa Kiingereza, na mazungumzo ya Pumwani, ambayo kwa kawaida yangekuwa Kijaluo au Kiswahili, humfikia msomaji yakiwa yamekwisha kufasiriwa. Mwanamke wa Majengo asomaye Kiswahili tu hawezi kuusoma mji wake katika maandishi hayo. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyarloka alipewa jembe naye akalima kwa zaidi ya nusu karne. Yaliyobaki ni kazi ya wenyeji wa lugha: kuyavuna mavuno hayo na kuyapeleka Pumwani kwa lugha inayosemwa Pumwani.