Wasiwasi Kama Taarifa: Maradhi Mapya na Njia ya Misafara ya Unyamwezi

Julai 2020 serikali ya Tanzania ilitoa kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni. Miongoni mwa yaliyokatazwa ni kuchapisha habari za mlipuko wa ugonjwa wa kuambukiza, uwe nchini au kwingineko, bila idhini ya mamlaka husika. Wakati huo takwimu za taifa za UVIKO-19 zilikuwa zimeshakoma: za mwisho zilitaja wagonjwa 509 na vifo 21. Katazo hilo lina nadharia nyuma yake, hata kama haikuandikwa. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, ugonjwa mpya huleta hatari mbili, yaani ugonjwa wenyewe na taharuki. Ya kwanza ni kazi ya madaktari, ya pili huzimwa kwa kuwafunga watu midomo.

Makala haya yanaipinga nadharia hiyo. Yanadai kwamba katika maeneo kama Sikonge, wilaya ya Unyamwezi kusini mwa Tabora, wasiwasi wa wananchi ni sehemu ya mfumo wa kugundua ugonjwa, na mara nyingi ndiyo sehemu inayotangulia. Anayeuzima anazima taarifa.

Mazingira ya Sikonge yanaeleza kwa nini. Ni wilaya ya miombo, tumbaku, asali na mbung'o. Warina asali hukaa msituni kwa majuma, wafugaji huhamisha ng'ombe kutoka bonde hadi bonde, na barabara ya Tabora kwenda Mpanda hupitisha abiria wasiojulikana na yeyote pale wilayani. Katika kata za mbali kama Kitunda na Kipili, anayeona kwanza kwamba homa hii si ile iliyozoeleka ni mama wa nyumbani, mwenza wa mgonjwa kambini, au wale wanaoosha maiti. Daktari hufika baadaye, na hufika kwa sababu kuna mtu aliyesema.

Kwamba misafara ya karne ya 19, iliyopita Unyamwezi hii hii, ilibeba maradhi, hakuna mwanahistoria anayebisha. Helge Kjekshus, John Iliffe na Juhani Koponen wametofautiana vikali juu ya kiasi ambacho watu walipungua na juu ya sababu zake, lakini katika hilo wanakubaliana. Ubishi wa kweli uko kwingine: maneno ya watu kuhusu ugonjwa yana thamani gani kama ushahidi? Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 juu ya tetesi za wanyonya damu, aliwafundisha wasomi kuuchukulia uvumi kama chanzo halali cha historia. Deni hilo ni kubwa. Hata hivyo, mbinu yake haikuhitaji kuuliza kama uvumi ni wa kweli. Ilitosha kuonyesha jinsi watu walivyouelewa ukoloni. Wengi waliomfuata wamebaki hapohapo, wakiyasoma maneno ya watu kama kioo cha hisia zao. Matokeo yake ni kwamba mtafiti na mtawala, ambao hawapatani kwa lolote jingine, wanakutana katika kudhani kwamba msemaji anaeleza moyo wake tu, hasemi chochote juu ya ugonjwa. Mara nyingine msemaji yuko sahihi kabisa. Kesi hizo zinastahili nadharia ya peke yake.

Ushahidi mzito zaidi unatoka Zanzibar, ingawa habari zake zilitembea kwa miguu kutoka bara. James Christie, daktari Mskoti aliyefanya kazi Unguja, alishuhudia kipindupindu kilipolipuka mjini mwishoni mwa Novemba 1869 na kuua maelfu ya watu. Milipuko iliyotangulia, tangu ule wa 1821, ilikuwa imefika pwani ya Afrika Mashariki kwa vyombo vya baharini. Mtu yeyote mwenye busara angetazama bandarini. Christie alitazama upande wa pili. Katika kitabu alichochapisha London mwaka 1876 alionyesha kwamba safari hii ugonjwa ulikuwa umetoka upande wa Bahari ya Shamu, ukapita Uhabeshi na nchi za Wagalla na Wamasai, ukafika Pangani, na ndipo ukavuka kuingia Unguja. Kutoka pwani ulirudi tena bara kwa njia ya kati, ile ya Unyanyembe (Tabora) na Ujiji, hadi Manyema, ambako David Livingstone aliandika habari zake katika shajara.

Alijuaje? Hapakuwa na maabara ya kumsaidia. Robert Koch angekitambua kimelea cha kipindupindu Misri na India mwaka 1883 na 1884 tu. Hapakuwa na kituo cha afya hata kimoja kati ya Pangani na nchi ya Wamasai. Christie alikuwa na wafanyabiashara na wasafiri wa misafara. Hao walijua ni kijiji gani kilikimbiwa, ni msafara upi ulirudi nusu, ni wakati gani wapagazi walianza kufa na walikuwa wametokea wapi. Walikariri mambo hayo kwa sababu waliogopa. Mkuu wa msafara aliyepuuza habari za ugonjwa uliokuwa mbele yake angepoteza watu na mali pamoja, kwa hiyo kuuliza habari za njiani kulikuwa ni sehemu ya kazi yake kama kuuliza habari za maji. Kutokana na mazungumzo ya namna hiyo Christie aliweza kuchora njia ya ugonjwa katika eneo ambalo sehemu yake kubwa madaktari wa Ulaya hawakuwa wameikanyaga.

Itasemwa kwamba Christie alichuja. Ni kweli, na hapo ndipo penye hoja: alilinganisha msemo na msemo, tarehe na tarehe, msafara na msafara. Lakini alichuja kwa sababu alikuwa na cha kuchuja. Kama liwali wa Pangani angepiga marufuku habari za ugonjwa, kitabu kile kisingeandikika.

Kinyume chake kilitokea Unyamwezi na nchi jirani. Mwaka 1922 malale ya aina kali yaligunduliwa Maswa, na katika miaka iliyofuata serikali ya Waingereza iliwahamisha maelfu ya watu wa magharibi ya Tanganyika kutoka katika makazi yaliyotawanyika na kuwakusanya katika maeneo yaliyofyekwa. Waliosita walihesabiwa kuwa wajinga. Miaka karibu hamsini baadaye John Ford, aliyetumikia muda mrefu katika udhibiti wa mbung'o, aliandika katika kitabu chake cha 1971 kwamba wakoloni hawakuelewa jinsi jamii za Kiafrika zilivyokuwa zimejifunza kuishi na vimelea hivyo kabla ya sotoka na vita kuvuruga mpangilio wao. Ford anaweza kuwa alitia chumvi, na kuwakusanya watu kuliokoa maisha ya baadhi yao. Jambo lisilofutika ni kwamba maarifa ya waliohamishwa hayakuulizwa wakati yalipohitajika.

Tanzania ya leo imejaribu njia zote mbili. Machi 16, 2023 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba Bukoba Vijijini kuna ugonjwa usiojulikana: wagonjwa 7, vifo 5. Ilikiri kutojua. Siku tano baadaye ikathibitisha kuwa ni homa ya Marburg, na Juni 2 mlipuko ukatangazwa kwisha ukiwa na wagonjwa 9 na vifo 6. Januari 2025 hali ilikuwa tofauti. Shirika la Afya Duniani lilitaja washukiwa wa Marburg mkoani Kagera Januari 14. Wizara ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi hivyo. Januari 20 Rais Samia Suluhu Hassan akathibitisha mgonjwa mmoja. Huenda majibu ya kwanza yalikuwa sahihi kwa sampuli zile. Lakini kwa siku hizo aliyeshuku huko Biharamulo aliambiwa hana sababu ya kushuku, na alikuwa nayo.

Pingamizi lililo zito ni lile la madhara. Wasiwasi umewahi kuua: vikongwe wameuawa kanda ya Ziwa na ya magharibi kwa tuhuma za uchawi baada ya vifo visivyoelezeka, na Aprili 2019 mtaalamu wa Shirika la Afya Duniani, Dkt. Richard Mouzoko, aliuawa Butembo, Kongo, wakati wa mlipuko wa Ebola. Hakuna anayeweza kuyapuuza hayo. Ila Butembo ina historia yake. Desemba 2018 uchaguzi uliahirishwa katika maeneo ya Beni na Butembo, Ebola ikitajwa kuwa miongoni mwa sababu, na wakazi wakaona ugonjwa unatumika kuwanyima kura. Kilichowafikisha kwenye chuki ni zaidi ya woga. Waliuliza maswali, na hawakupata jibu la kuaminika.

Kwa Sikonge hili lina maana ya kiutendaji. Mtendaji wa kijiji na mhudumu wa afya ngazi ya jamii wanapaswa kuandika kinachosemwa, pamoja na tarehe na mahali, hata kabla hakijaitwa ugonjwa, na daftari hilo lifike kwa mganga mkuu wa wilaya na katika kituo cha Tabora cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Idadi ya washukiwa itangazwe ikiitwa ya washukiwa, irekebishwe hadharani inapobadilika. Na katazo kama lile la 2020 lisiwe na nafasi katika kanuni yoyote ya nchi, kwa kuwa mrina asali anayetoka Kitunda na habari ya homa ngeni hana idhini ya mamlaka husika, wala hana muda wa kuisubiri.