Hatari Isiyotoa Moshi: Umeme katika Nyumba za Nyamianda

Nyamianda, mmojawapo wa mitaa ya mji wa Uvira nchini Kongo iliyobanwa katika tambarare nyembamba baina ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika, uliishi na moto wa taa muda mrefu kabla ya kuishi na umeme, na mazoea hayo ya kale ndiyo yaliyoamua jinsi wakazi walivyoipokea hatari mpya. Koroboi, yaani taa ndogo ya bati yenye utambi, na karabai zilizowaka usiku juu ya mitumbwi ya wavuvi wa dagaa, zilikuwa hatari zilizojitangaza zenyewe: mafuta yalinuka, moshi ulipanda, joto lilisikika mkononi kabla ya moto kushika nyasi au pazia. Waya wenye umeme hautofautiani kwa macho na waya usio nao, na kwa hiyo utambuzi wake haukuweza kurithiwa kutoka kwa mabibi na mababu. Ulipaswa kujengwa upya, na katika pwani hii ya kaskazini ya ziwa ulijengwa nusu nusu.

Umeme wa ukanda huu asili yake ni mto Ruzizi, unaotoka Ziwa Kivu na kuporomoka hadi Tanganyika. Bwawa la kwanza, Ruzizi I, lilikamilika karibu na Bukavu mwishoni mwa miaka ya 1950, likiwa na uwezo usiofikia megawati 30, nalo lilikusudiwa kwanza miji ya utawala na viwanda. Baada ya uhuru, Shirika la Taifa la Umeme (SNEL), lililoundwa mwaka 1970, lilirithi mitambo ya kampuni za kikoloni, na mwaka 1989 Ruzizi II ikaanza kazi chini ya SINELAC, shirika la pamoja la Zaire (Kongo ya leo), Rwanda na Burundi. Nyaya zilifika hivyo katika mitaa ambayo nyumba zake hazikuchorwa kwa ajili ya umeme: kuta za matofali ya udongo, nguzo za miti, paa la mabati. Fundi aliupitisha waya juu ya boriti, akaupenyeza chini ya bati, akaufikisha kwenye balbu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Ulinzi uliofuatana na nyaya hizo ulikuwa fyuzi, kipande cha waya mwembamba kinachoyeyuka mkondo unapozidi kiwango, na fyuzi haikubuniwa kumlinda mtu bali kuulinda waya usiungue. Fyuzi ya ampea 10 huruhusu ampea 10 zipite bila kujali zinapita wapi, ilhali mkondo wa miliampea 30, yaani sehemu moja ya zaidi ya mia tatu ya kiasi hicho, ukipita kifuani kwa muda unaweza kuuvuruga moyo. Ukingo wa bati unapouchubua waya mwaka baada ya mwaka kila upepo wa ziwa unapolitikisa paa, hufika siku ngozi ya plastiki ikaisha na bati lote likashika umeme; nguzo kavu haziupitishi kwenda ardhini, fyuzi haikatiki, balbu inaendelea kuwaka, na nyumba inaonekana salama kabisa. Atakayeigundua hitilafu hiyo ni mtu anayetundika nguo mbichi kwenye waya wa chuma uliofungwa kwenye paa, miguu ikiwa peku juu ya ardhi yenye maji. Paa lingekuwa limeunganishwa na waya wa ardhini, ambao huupa umeme uliopotea njia rahisi ya kushuka chini, hitilafu ile ile ingeweza kuikata fyuzi kabla ya mtu kufika.

Dalili zilikuwepo, lakini ndogo: mchonyoto mwepesi mtu anapogusa pasi au mlango wa friji, harufu ya plastiki iliyochemka kwenye soketi, balbu inayofifia jirani anapowasha jiko. Mchonyoto huo, unaochukuliwa na wengi kuwa kero tu, ni onyo lenye thamani kuliko yote. Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyewapima watu waliojitolea, alionyesha kwamba kwenye takriban miliampea 16 kwa wanaume, na zaidi kidogo ya 10 kwa wanawake, misuli ya mkono hujifumba na mtu wa kawaida hawezi tena kuachia alichokishika. Mwaka 1961 yeye huyo alibuni kifaa kinacholinganisha mkondo uendao na urudio, kikakata umeme mara tofauti ndogo inapotokea. Kifaa cha aina hiyo kimeenea katika nyumba za nchi tajiri. Katika nyumba za udongo za pwani ya Tanganyika ni kitu adimu, na pengo hilo linaeleza vifo vingi kuliko uzembe wa wakazi, ambao ndio hulaumiwa haraka.

Upungufu wa umeme uliongeza hatari za aina yake. Mitambo ya Ruzizi I ilizeeka, na taka za plastiki zinazoelea kutoka Ziwa Kivu zikawa zinaiziba, hivyo delestaji, yaani ukataji wa umeme kwa zamu kati ya mtaa na mtaa, ikawa desturi. Pasi iliyoachwa imechomekwa umeme ulipokatika mchana huamka yenyewe usiku juu ya godoro. Laini chache zikavutwa kutoka nyumba moja hadi nyingine, mara nyingi kwa waya mwembamba usiolingana na mzigo, na fyuzi iliyoungua ikafungwa upya kwa nyuzi kadhaa za shaba au hata kwa msumari. Kwa kufanya hivyo hata ule ulinzi wa waya, uliokuwa pekee, ukaondoka. Si haki kuuita ujinga. Aliyefunga msumari alijua anachokifanya: alikuwa na usiku mmoja wa umeme, na duka la fyuzi lilikuwa limefungwa.

Mazoea ya moto yalidhuru pia wakati wa kuokoa. Kwa karne nyingi jibu la nyumba inayoungua lilikuwa ndoo za maji, na jibu la mtu aliyeanguka lilikuwa kumshika na kumvuta; mbele ya umeme yote mawili humwongeza mwathirika wa pili. Utaratibu sahihi huanzia kwenye swichi kuu au dijonkteri, yaani swichi inayojikata yenyewe, na pale isipofikika, mtu huuondoa waya wa nyumbani kwa ufito mkavu, akiwa amesimama juu ya ubao mkavu, kisha humsukuma kifua aliyeacha kupumua na ambaye moyo wake umesimama. Ufito haufai kwa waya mkubwa wa nguzoni, ambao haukaribiwi kabisa hadi shirika likate. Moto wa mita huzimwa kwa mchanga mkavu, kitu ambacho mtaa wa ufukweni haukosi, ingawa ni nadra kuona ndoo yake karibu na mita.

Maji yenyewe yaliufikia umeme nyumbani. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika na kubomoa sehemu kubwa za Uvira, na mwaka 2024 ziwa lilipanda hadi likaingia katika nyumba za mitaa ya ufukweni, Nyamianda ukiwemo. Soketi zilizowekwa chini ukutani zilizama huku laini zikiwa hai, na ukuta wa udongo, unaozuia umeme ukiwa mkavu, hugeuka kuupitisha ukilowa. Jinsi maji yanavyoweza kuupeleka umeme mbali na waya ilionekana kwa ukubwa wa kutisha jijini Kinshasa tarehe 2 Februari 2022, pale waya wa msongo mkubwa ulipokatika na kuangukia soko la Matadi-Kibala lililokuwa na maji ya mvua, ukaua watu 26, wengi wao wanawake wauzaji.

Sheria ya Juni 2014 iliyofungua sekta ya umeme nchini Kongo iliruhusu watoaji wengine kando ya SNEL, lakini mabadiliko yaliyoonekana haraka zaidi katika nyumba yalitoka juani. Umeme wa paneli na betri ya volti 12 hauwezi kupenya ngozi kavu ya mtu kwa kiasi cha kudhuru, na kwa hilo umeonekana kuwa salama, ilhali betri ileile, ncha zake zikigusana kwa waya, humwaga mamia ya ampea na kuuwasha waya huo mara moja. Aidha wanaotaka televisheni huongeza invata, mashine inayougeuza umeme wa betri kuwa volti 220, wakaufunga kwenye nyaya zile zile za zamani chini ya bati, bila waya wa ardhini. Na SNEL inapokata umeme wa mtaa mzima, nyumba hizo hubaki na nyaya hai ambazo jirani anayepanda kutengeneza paa hudhani zimelala.