Neno la Heri Lililogeuka Kuwa la Dhihaka

Mwingereza akimwambia mwenziwe leo kwamba yeye ni 'silly' hamsifu. Humtupia neno jepesi la dhihaka, lisilofika ukali wa tusi, lililo karibu na kumwita mpuuzi. Lakini babu zake wa karne ya 9 wangalilisikia neno hilo kwa umbo lake la zamani, wangalidhani mtu anapongezwa. Kwao 'gesælig' alikuwa mwenye heri: mtu aliyejaliwa, ambaye mambo yake yamemnyokea kwa Mungu na kwa walimwengu. Aghalabu husemwa kwamba neno hili lilianguka kwa sababu Waingereza waliacha kuheshimu ucha Mungu. Maelezo hayo ni mepesi mno, na tarehe zenyewe hazikubaliani nayo. Neno lilianza kuteleza katika zama ambazo Uingereza ilikuwa imejaa watawa na mahujaji.

Mzizi wake ni 'sæl', jina lenye maana pana: wakati, majira, nafasi njema, bahati, furaha. Mwenye 'sæl' ni yule ambaye saa yake imefika ikamkuta tayari. Katika wilaya za Suffolk na Norfolk, mashariki ya Uingereza, masalio ya jina hilo yaliendelea kwa wakulima muda mrefu baada ya vitabu kulisahau: majira ya kukata na kuanika majani ya mifugo yaliitwa 'haysel', na kumwamkia mtu njiani kulikuwa kumpa 'sele' ya siku. Ndugu zake wako hai ng'ambo ya bahari. Kijerumani kina 'selig', Kiholanzi kina 'zalig', na huko Iceland mwanamume huamkiwa hata sasa kwa 'sæll'. Katika tafsiri ya Kiingereza cha Kale ya kitabu cha Boethius, ambayo kwa muda mrefu imehusishwa na Mfalme Alfred aliyefariki mwaka 899, jina 'gesælð' hubeba hoja kubwa ya kitabu: mfungwa angojaye kuuawa hufundishwa kupambanua heri ya kweli na heri ya uongo, ile ya mali na vyeo. Neno lililotwikwa mzigo kama huo halikuwa neno dogo.

Kwa nini basi Mjerumani amebaki na 'selig' katika utukufu wake, na Mwingereza amemwacha ndugu yake aanguke matopeni? Sehemu kubwa ya jibu imo katika sura ya tano ya Injili ya Mathayo, pale Yesu anapowataja wenye heri, kundi baada ya kundi. Watafsiri wa Injili za Kisaksoni cha Magharibi, yapata mwisho wa karne ya 10, hawakutumia 'gesælig' mahali hapo. Walichagua 'eadig', neno la maana iyo hiyo, ambalo baadaye lilikufa kabisa, na mzizi wake ukabaki katika majina ya watu kama Edward na Edmund. Wafuasi wa Wycliffe katika karne ya 14, Tyndale mwaka 1526, na Biblia ya Mfalme James mwaka 1611, wote walishika 'blessed'. Luther, alipotoa Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522, aliandika 'selig'. Tangu hapo kila mtoto aliyekariri sura hiyo katika Biblia ya Luther alikuwa mlinzi wa neno bila kujijua. Wajerumani hulitumia hata kwa wafu, kama Waswahili wasemavyo marehemu. Tena wengi hudhani limetoka katika 'Seele', yaani roho, jambo lisilo kweli kwa asili yake, lakini ambalo limelizidishia heshima. Neno la Kiingereza halikuwa na mimbari. Likaachwa liende sokoni na mashambani, likatumike kwa yeyote na kwa lolote.

Wala halikuporomoka mara moja. Kwanza mwenye heri akawa mcha Mungu. Mcha Mungu akawa asiye na hatia. Asiye na hatia, hasa akiwa mtoto au mfiadini, akawa mtu wa kuhurumiwa. Hapo ndipo lilipogeukia. Amhurumiaye mwenziwe humpenda, walakini humtazama kutoka juu. Na mtu akitazamwa kutoka juu muda mrefu, udhaifu wake huonekana upesi kuliko wema wake. Baada ya huruma njia ilikuwa fupi: dhaifu, kisha duni, kisha pungufu wa akili.

Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alilikuta neno likiwa limesimama kizingitini hapo, akalitumia kwa ustadi. Katika hadithi yake ya Msaga Nafaka yumo seremala wa Oxford ambaye mara kwa mara huitwa 'sely'. Mwanafunzi aliyepanga chumba nyumbani mwake anamdanganya kwamba gharika kama ile ya Nuhu inakuja. Seremala anatundika mapipa darini, analala ndani ya moja, na mwanafunzi anapata nafasi kwa mkewe. Mwisho anaanguka, anavunjika mkono, na mji mzima unamcheka kama mwenda wazimu. Je, 'sely' hapa ni mcha Mungu, maskini, au mjinga? Ni vyote vitatu kwa pamoja. Seremala mwenyewe hujisifia imani yake sahili na kuwasikitikia wasomi kwa elimu yao nyingi. Naye msomi ndiye anayemmaliza. Hadithi ni ya kuchekesha, ila msomaji akiirudia hugundua kwamba katika watu wote wanaokimbilia kishindo kile hakuna anayemwuliza seremala habari ya mkono wake.

Katika karne ya 15 na ya 16 irabu ndefu ya 'seely' ilifupishwa, ikawa 'silly', na kabla ya mwaka 1600 maana ya upumbavu ilikuwa imekwisha pata nguvu. Hata hivyo maana za zamani hazikufukuzwa siku ile ile. Robert Southwell, padri Mjesuiti aliyenyongwa London mwaka 1595, alilitumia neno hili kwa mtoto Yesu aliyelala horini, wala hakukusudia kufuru. Milton, mwaka 1629, alilitumia kwa mawazo ya wachungaji usiku wa Krismasi. Robert Burns, mwaka 1785, aliziita hivyo kuta za kiota cha panya kilichobomolewa kwa plau, kwa kuwa zilikuwa dhaifu. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 ilizipanga maana kama vipandio vya ngazi: asiyedhuru, kisha dhaifu, kisha mpumbavu.

Ubaya wa kushuka huku huonekana kwa wale walioshushwa nako. Katika Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya tatu, Kigiriki kina jina la wanawake katika umbo la kudogosha tu, lisilotaja akili. Watafsiri wa mwaka 1611 wakaweka 'silly women'. Na wasomaji waliofuata, ambao masikioni mwao ilikuwa imebaki maana moja ya neno, wakaisoma kama hukumu juu ya akili za wanawake, hukumu ambayo Kigiriki hakikuitamka waziwazi.

Waingereza si wa kulaumiwa peke yao. Thucydides, akieleza vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyozuka Corcyra mwaka 427 kabla ya Kristo, alisikitika kwamba unyofu wa moyo ulichekwa mpaka ukatoweka. Na jina alilolitumia, 'euethes', kwa asili ni mwenye tabia njema, ingawa Wayunani walikwisha anza kulisema kwa maana ya mbumbumbu. Kijerumani kilichomtunza 'selig' hakikumtunza 'albern', ambaye zamani alikuwa mpole na mkarimu, na sasa ni mpuuzi.

Mfano ulio karibu zaidi na Waswahili ni 'maskini'. Neno hili ni la Kiarabu, na nyuma yake kuna Kiakadi, maana watu wa daraja la 'muškēnum' wametajwa katika sheria za Hammurabi karibu miaka 3,800 iliyopita. Katika Kurani, Sura ya Tawba, maskini wamo miongoni mwa wenye haki ya kupewa zaka. Neno lilipofika pwani ya Afrika Mashariki lilifika pamoja na haki hiyo, na hadi leo maskini ni mtu wa kusikitikiwa na kusaidiwa, hata kama wapo wanaomdharau. Neno lilo hilo lilivuka bahari upande wa pili likaingia Hispania na Italia. Wafaransa wakalipokea kwa umbo la 'mesquin', nao hulitumia kwa mtu mwenye roho ndogo na bahili. Aliyestahili kupewa amekuwa mtu asiyetaka kutoa.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba maandiko matakatifu ni ngome isiyobomoka. Kifaransa kilichukua 'benedictus', mbarikiwa wa Kilatini cha kanisani, kikamfanya 'benêt', zuzu. 'Blessed' yenyewe, iliyoshika mahali pa 'sælig', husemwa na Mwingereza aliyekasirika kwa kitu kinachomsumbua, ili asitamke laana.

Katika Scotland umbo la zamani, 'seelie', lilidumu kwa namna ya pekee. Liliitwa kwa jamii ya majini walio wema, na 'unseelie' kwa wale waovu. Wanakijiji waliwaogopa wote, hata walio wema, nao walijitahidi kuwataja kwa majina mazuri wasije wakasikia wakachukia. Na kwa viumbe hao neno halikushuka hata daraja moja.