Tiba ya kiwewe

Tiba ya kiwewe ni aina ya tiba ya kisaikolojia inayomsaidia mtu aliyepatwa na jambo la kutisha, kama vile ajali, ubakaji, vita, kipigo cha nyumbani au kufiwa ghafla, ili kumbukumbu ya jambo hilo isiendelee kutawala maisha yake. Hutolewa kwa njia ya mazungumzo, ingawa mgonjwa anaweza kupewa dawa pia.

Methali ya Kiswahili husema "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo". Kwa mwenye kiwewe yaliyopita ni ndwele kweli: akili na mwili wake huitikia jambo la zamani kana kwamba linatokea sasa. Tiba haifuti kumbukumbu hiyo. Humwezesha mtu kuikumbuka bila kuzidiwa nayo.

Dalili

Baada ya tukio baya watu wengi hupata hofu na kukosa usingizi, kisha hutulia wenyewe katika wiki chache, hasa wakiwa karibu na ndugu na majirani. Hali ikidumu zaidi ya mwezi mmoja, msaada wa kitaalamu hufaa. Dalili zake ni pamoja na:
* ndoto za kutisha na picha za tukio zinazojirudia;
* kushtuka kwa urahisi;
* kukwepa mahali au watu wanaokumbusha tukio;
* hasira, aibu na kujilaumu.

Watoto wanaweza kuigiza tukio katika michezo yao au kuanza tena kukojoa kitandani.

Jijini Dar es Salaam, mabomu ya ghala la jeshi yalilipuka Mbagala, wilaya ya Temeke, tarehe 29 Aprili 2009, na mengine Gongo la Mboto, wilaya ya Ilala, tarehe 16 Februari 2011. Kila mlipuko uliua zaidi ya watu 20, na maelfu walikimbia makazi yao. Aliyenusurika katika maafa ya namna hiyo anaweza kutetemeka asikiapo radi au tairi likipasuka, ingawa anajua kwamba hakuna hatari.

Hatua za tiba

Daktari Mmarekani Judith Herman, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alieleza hatua tatu: kwanza usalama, pili kukumbuka na kuomboleza, tatu kurudi katika maisha na watu. Hatua ya kwanza hairukwi: mwanamke anayeendelea kupigwa nyumbani anahitaji kulindwa kabla ya kuombwa asimulie.

Katika tiba ya masimulizi, mgonjwa hutandaza kamba inayowakilisha maisha yake tangu kuzaliwa. Huweka maua penye furaha na mawe penye maumivu. Kisha husimulia maisha yake kwa mfuatano, na mshauri huyaandika. Mwishoni masimulizi husomwa na kukabidhiwa kwa mwenyewe.

Matokeo katika Afrika Mashariki

Katika kambi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi waliopewa mafunzo waliwahudumia wakimbizi wenzao kutoka Rwanda na Somalia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba takriban 70% ya waliopata tiba ya masimulizi na 65% ya waliopata ushauri nasaha hawakuwa tena na ugonjwa huo, kulinganisha na 37% ya waliofuatiliwa tu.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2020, ulihusu watoto 640 waliofiwa na wazazi huko Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya. Tiba ya vikundi ilitolewa na washauri wasio wataalamu wa afya ya akili. Ilipoisha, ilikuwa imefanya vizuri kuliko huduma za kawaida katika maeneo matatu kati ya manne; Moshi mjini tofauti haikuonekana.

Huduma Dar es Salaam

Wagonjwa wa afya ya akili huhudumiwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili na hospitali za rufaa za mkoa za Mwananyamala (Kinondoni), Temeke na Amana (Ilala). Waliofanyiwa ukatili huweza kuanzia kwenye dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Wengi huanzia kwa shehe, mchungaji au mganga wa kienyeji, hasa hali inapodhaniwa kuwa ni majini au uchawi. Sala na faraja ya jamaa vinaweza kwenda pamoja na tiba.

Tahadhari

Shirika la Afya Duniani halishauri kumtaka kila aliyenusurika asimulie yote katika kikao kimoja mara baada ya maafa. Mgonjwa ndiye anayeamua aseme nini na lini. Tiba pia haimlazimishi kumsamehe aliyemdhuru, wala haichukui nafasi ya sheria.