Lapi Imeandikwa GB 8 Lakini Inasoma 3.4? Cheki Hizi Vitu Kabla Umpee Fundi Doo

Umejinyima miezi kadhaa, ukashuka Oyugis, ukatoka dukani na lapi ya ex-UK ama kale ka-kompyuta kadogo ka kufunga nyuma ya skrini. Stika inasema RAM ni GB 8. Kufika kwa keja, mashine inasoma 3.4. Usianze kuita mtu mkora bado, na usinunue RAM ingine. Mara mingi hii shida unaimaliza mwenyewe bila kutoa hata ndururu.

Anza na BIOS
Zima mashine, iwashe ukigonga-gonga kitufe: HP ni F10, Dell ni F2, ThinkPad ni F1. BIOS huhesabu RAM kabla Windows iamke, so hiyo ndiyo shahidi wako, si stika. Ikisema 8, RAM iko, shida ni Windows ama setingi. Ikisema 4, ruka hadi sehemu ya kufungua mashine.

Pengo ndogo si noma
Ukiona 8 halafu kando 7.8, tulia. Grafiki ya ndani inakopa kiasi kwa RAM. Mashine zingine za AMD hukopa hata GB 1 ama 2, na mara ingine unaweza kupunguza hiyo ndani ya BIOS.

Windows ya biti 32
Huyu ndiye mshukiwa mkuu. Ingia Settings, System, About, usome "System type". Windows ya kawaida ya biti 32 haivuki GB 4, hata uweke RAM ya 16. Na hata hizo 4 hazikufikii zote, juu vifaa vingine vya mashine vinakalia sehemu ya hizo anwani. Ndiyo unabaki na tatu na kitu. Kama hapo imeandikwa "x64-based processor", weka Windows ya biti 64. Lakini hiyo ni kuinstolo upya kabisa, so hamisha kazi zako na picha kwa flashi kwanza.

Mtu aliweka limiti
Bonyeza Windows na R, andika msconfig, ingia Boot, Advanced options. Kama "Maximum memory" iko na tiki, itoe, halafu uwashe mashine upya.

BIOS yenyewe ikisoma kidogo
Hapa ni kufungua. Zima, toa chaja na betri, gusa chuma kwanza ndio umeme wa mwili usichome kitu. Chomoa RAM, sugua yale meno ya dhahabu polepole na raba ya penseli, pangusa vumbi, irudishe hadi vibanio vilie "tak". Ziko mbili? Jaribu moja moja kwa kila sloti, utajua kama imekufa RAM ama sloti. DDR3 haiingii kwa sloti ya DDR4, usilazimishe. Mashine zingine RAM imechomelewa kwa bodi, hizo achia fundi.

Soma pia lebo ya RAM yenyewe. Ikiwa ni moja tu na imeandikwa 4GB, mambo kwisha: uliuziwa 4.

Kurudi dukani
Piga picha ya BIOS na ya lebo, beba risiti na meseji ya M-Pesa. Ongea kwa heshima, huenda hata muuzaji alidanganywa huko alitoa mzigo. Akikataa, mkumbushe Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 inakataza kuuza kitu kwa maelezo ya uongo.

Na siku ingine ukinunua, omba uingie BIOS hapo hapo kaunta, kabla uweke PIN. Ni dakika mbili tu. Muuzaji akianza kuruka-ruka, songa duka lingine.