Meza ya Wajumbe Kumi na Watano: Historia Fupi ya Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika

Tarehe 25 Mei 2004, Siku ya Afrika, Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika lilizinduliwa rasmi mjini Addis Ababa. Itifaki yake ilikuwa imepitishwa Durban, Afrika Kusini, Julai 2002, na kuanza kutumika tarehe 26 Desemba 2003. Bara hili lilikuwa limepata chombo cha kudumu chenye ruhusa ya kujadili vita vya ndani ya nchi mwanachama, kuwawekea vikwazo waliopindua serikali, na kutuma askari. Zaidi ya miaka 20 imepita tangu siku hiyo, na historia yake imethibitisha jambo moja mara kwa mara: azimio la Addis Ababa hupata nguvu pale panapokuwa na serikali, aghalabu ya jirani, iliyo tayari kulibeba begani.

Kabla ya Baraza

Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ulipoanzishwa mwaka 1963, waasisi wake walihofia sana ugomvi wa mipaka. Mwaka uliofuata, mjini Cairo, walikubaliana kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Mkataba wao ulikataza pia kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Kanuni hizo ziliepusha ugomvi mwingi, lakini zilimpa kila mtawala mkatili mahali pa kujificha. Idi Amin aliwaua Waganda kwa miaka minane, na katikati ya miaka hiyo, mwaka 1975, akakalia kiti cha mwenyekiti wa OAU. Tanzania ilipomng'oa mwaka 1979, baada ya majeshi ya Amin kuvamia Kagera, katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Monrovia aliyelaumiwa na baadhi ya wenzake ni Mwalimu Nyerere.

Vyombo vya usuluhishi vilikuwapo kwa jina. Tume iliyoundwa mwaka 1964 haikufanya kazi ya maana. Kikosi kilichopelekwa Chad mwaka 1981, chenye askari wa Nigeria, Senegal na Zaire, kiliondoka mwaka uliofuata kikiwa kimeishiwa fedha, na hakikuwahi kuelezwa vizuri kilitumwa kufanya nini.

Aliyeanza kuusukuma mlango huo wa kutoingilia mambo ya ndani ni Salim Ahmed Salim, mzaliwa wa Pemba, aliyekuwa Katibu Mkuu wa OAU kuanzia mwaka 1989 hadi 2001. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu akiuawa na serikali yake mwenyewe, majirani hawawezi kujifanya hawakusikia. Juni 1993, tena mjini Cairo, wakuu wa nchi walikubali kuunda mfumo wa kuzuia na kutatua migogoro. Haukutimiza mwaka kabla ya Rwanda kuteketea. Aprili 1994, mauaji ya kimbari yakiwa yamepamba moto, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliamua kupunguza askari wake nchini humo wabaki 270. Mfumo wa Cairo nao haukuwa na askari wa kupeleka.

Kutokana na aibu hiyo, Mkataba wa kuanzisha Umoja wa Afrika uliosainiwa Lomé, Togo, Julai 2000, uliwekwa ibara ya 4(h): Umoja una haki ya kuingilia kati katika nchi mwanachama yakitokea makosa ya kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Baraza liliundwa ili ibara hiyo ipate pa kuanzia.

Linavyofanya kazi

Wajumbe ni 15. Kumi huchaguliwa kwa miaka miwili na watano kwa miaka mitatu. Afrika Magharibi ina viti vinne, Mashariki, Kati na Kusini vitatu kila moja, Kaskazini viwili. Hakuna kura ya turufu wala mjumbe wa kudumu, ingawa Nigeria haijawahi kukosa kiti tangu mwaka 2004. Uenyekiti huzunguka kila mwezi kwa kufuata alfabeti. Uamuzi hutafutwa kwa maafikiano, na yakishindikana, theluthi mbili ya kura zinatosha.

Lipo sharti moja ambalo wanadiplomasia hulijua vizuri. Nchi ya mjumbe inapokuwa mhusika katika mgogoro unaojadiliwa, balozi wake hualikwa kueleza upande wake, kisha hutoka nje ya ukumbi. Wanaobaki ndio wanaojadili na kuamua.

Pembeni ya Baraza kuna Jopo la Wenye Hekima, mfumo wa tahadhari ya mapema, Kikosi cha Dharura na Mfuko wa Amani. Jopo la kwanza lilizinduliwa Desemba 2007 chini ya Ahmed Ben Bella wa Algeria, na Salim Ahmed Salim akiwa miongoni mwa wajumbe wake watano.

Mwaka wa mavuno

Mwaka 2008 unastahili kukumbukwa. Mwezi wa kwanza Kenya ilikuwa inawaka kutokana na matokeo ya uchaguzi wa Desemba 2007. Watu zaidi ya 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makazi yao. Umoja wa Afrika ulimtuma Kofi Annan, Graça Machel na Rais mstaafu Benjamin Mkapa. Kazi ilikuwa ya mezani, siku baada ya siku, huku pande mbili zikivutana juu ya nani aliibiwa kura na nani agawane madaraka na nani. Rais Jakaya Kikwete, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amepokea uenyekiti wa Umoja, alikwenda Nairobi katika siku za mwisho. Tarehe 28 Februari, Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga walitia saini makubaliano ya kugawana madaraka mbele ya Harambee House.

Mwezi mmoja baadaye ikawa zamu ya Komoro. Kanali Mohamed Bacar alikuwa ameishikilia Anjouan, kisiwa cha Nzwani, tangu alipojitangazia ushindi katika uchaguzi wa Juni 2007 ambao serikali ya muungano na Umoja wa Afrika waliukataa. Baraza lilianza kwa vikwazo: yeye na wenzake wakazuiwa kusafiri na mali zao zikakamatwa. Hakutikisika. Rais Thabo Mbeki wa Afrika Kusini alitaka mazungumzo yaendelee. Hata hivyo Tanzania na Sudan zilitoa askari, na Libya ikasaidia katika usafirishaji. Alfajiri ya tarehe 25 Machi, askari hao pamoja na wanajeshi wa Komoro walishuka kisiwani. Kabla jua halijazama walikuwa wameutwaa uwanja wa ndege wa Ouani na mji mkuu, Mutsamudu. Bacar alikimbilia Mayotte kwa boti.

Operesheni ile huitwa ushindi, na ni haki yake. Lakini mazingira yake hayapatikani kila mahali: kisiwa kidogo, mwasi asiye na rafiki mkubwa, serikali halali iliyoomba msaada, na jirani wa ng'ambo ya bahari aliyekuwa na meli, askari na uenyekiti wa Umoja kwa wakati mmoja.

Miezi sita iliyogeuka miaka kumi na mitano

Somalia ilikuwa mtihani wa namna nyingine. Januari 2007 Baraza liliidhinisha kikosi cha AMISOM kwa miezi sita, kwa matumaini kwamba Umoja wa Mataifa ungekipokea kama ulivyokuwa umepokea kile cha Burundi mwaka 2004. Haukukipokea. Waganda waliotangulia kufika Mogadishu, Machi 2007, walipokelewa na makombora kwenye uwanja wa ndege. Warundi walifuata mwishoni mwa mwaka, na nchi nyingine zilizokuwa zimeahidi zikaendelea kuahidi. Kwa miaka minne vikosi hivyo viwili vilipigania mtaa kwa mtaa, hadi wapiganaji wa al-Shabaab walipoondoka katikati ya Mogadishu Agosti 2011. Kenya iliingia Somalia Oktoba mwaka huo, na mwaka 2012 majeshi yake yakaunganishwa na AMISOM. Kikosi kilipofikia kilele kiliruhusiwa kuwa na watu 22,126. Jina lilibadilika kuwa ATMIS Aprili 2022, kisha AUSSOM Januari 2025. Gharama ya damu ilikuwa kubwa: Wakenya hawajausahau uvamizi wa kambi ya El Adde, Januari 2016.

Burundi na ukomo wa ibara ya 4(h)

Aprili 2015 Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kugombea muhula wa tatu, na Bujumbura ikalipuka. Kufikia Mei maelfu ya wakimbizi walikuwa wamejazana Kagunga, kijiji chembamba kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kilizuka, na meli kongwe ya MV Liemba ikawa inawapakia kuwapeleka Kigoma. Desemba mwaka huo kambi za jeshi mjini Bujumbura zilishambuliwa, na maiti zikaokotwa mitaani.

Tarehe 17 Desemba Baraza lilitoa uamuzi mzito kuliko wowote kabla yake. Liliidhinisha askari 5,000 kwenda kuwalinda raia, likaipa Burundi saa 96 kukubali, na likaonya kwamba ikikataa, ibara ya 4(h) ingetumika. Burundi, ambayo yenyewe ilikuwa na kiti katika Baraza, ilikataa. Nkurunziza alisema hadharani kwamba askari hao wangehesabiwa kuwa wavamizi na Warundi wangepigana nao. Mwisho wa Januari 2016 wakuu wa nchi walikutana Addis Ababa. Kwa mujibu wa Mkataba, ni wao wenye kauli ya mwisho juu ya kuingilia kati. Waliamua kutotuma askari bila ridhaa ya Burundi, wakapeleka ujumbe wa marais wakiongozwa na Jacob Zuma wa Afrika Kusini.

Ibara iliyozaliwa kutokana na msiba wa Rwanda haijawahi kutumika hata mara moja. Mabalozi 15 walikuwa na ujasiri, ila marais wao, kila mmoja akifikiria kesho yake, hawakutaka kuufungua mlango ambao siku moja ungeweza kufunguliwa dhidi yake.

Katika mapinduzi Baraza limekuwa jepesi zaidi, kwa kuwa kusimamisha uanachama hakuhitaji askari. Madagascar ilisimamishwa mwaka 2009, Mali 2012, Misri 2013, Sudan 2019 na tena 2021, Guinea 2021, Burkina Faso 2022, Niger na Gabon 2023. Lakini Chad ilipojiundia utawala wa kijeshi Aprili 2021, baada ya Rais Idriss Déby kuuawa na mwanawe kukabidhiwa nchi, haikuguswa. Wanajeshi wa Afrika Magharibi waliona kwamba sheria ina mlango wa nyuma.

Nani analipa

Jengo ambamo shughuli za amani na usalama huendeshwa Addis Ababa lilizinduliwa mwaka 2016 likaitwa jina la Julius Nyerere. Fedha za kulijenga zilitoka Ujerumani. Posho za askari wa AMISOM zililipwa kwa miaka mingi na Umoja wa Ulaya, na mwaka 2016 Ulaya ilipopunguza mchango wake kwa asilimia 20, makamanda hawakuwa na pengine pa kukimbilia.

Mwaka huo huo, mjini Kigali, wakuu wa nchi walikubali kutoza asilimia 0.2 ya bidhaa zinazoingizwa kutoka nje ya bara ili Umoja ujitegemee, na Mfuko wa Amani ukawekewa lengo la dola milioni 400. Kenya na Rwanda zilikuwa miongoni mwa waliotangulia kutekeleza. Wengine wengi walisaini na kurudi nyumbani. Desemba 2023 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2719, linaloruhusu michango ya Umoja wa Mataifa kugharimia hadi asilimia 75 ya operesheni za Afrika. Somalia ilitarajiwa kuwa ya kwanza kunufaika, lakini AUSSOM ilianza kazi bila fedha hizo.

Baraza lina kheri zake. Makubaliano ya Pretoria ya Novemba 2022, yaliyosimamisha vita vya Tigray, yalisimamiwa na wasuluhishi wa Umoja wa Afrika, Uhuru Kenyatta akiwa mmoja wao. Hata hivyo vita hivyo vilikuwa vimechukua miaka miwili katika nchi ile ile ambayo Baraza hukutania. Sudan inaungua tangu Aprili 2023, na Goma, mashariki mwa Kongo, iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025.

Chombo hiki ni bora kuliko kile kilichokitangulia, na kina upungufu uleule wa wenye nacho. Maazimio yake yameandikwa vizuri. Fedha na utashi viko katika miji mikuu 55. Kwa hiyo bajeti ya mambo ya nje inaposomwa bungeni, mwananchi amuulize mbunge wake swali moja: ile asilimia 0.2 ya Kigali tumeilipa?