Mwalimu, Shule na Siasa: Sheria Inaruhusu Nini, Inakataza Nini

Uchaguzi unapokaribia, hapa kwetu Musonoi, Kolwezi, walimu wa shule zetu huanza kuulizana. Je, mwalimu anaweza kuwa na kadi ya chama? Mwalimu anayetaka kugombea aanzie wapi? Na kama mgombea ni mshiriki wa kanisa letu, akaomba darasa kwa ajili ya mkutano wake, direkteri wa shule amjibu nini? Tumekusanya hapa yale ambayo sheria za nchi yetu zinasema, ili ndugu zetu wa makanisa ya mashariki nao wayatumie.

Shule ya Kanisa ni shule ya Serikali

Tunaanza hapa kwa sababu ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunasema "shule yetu" kwa kuwa Kanisa lilijenga kuta na Kanisa linamchagua direkteri. Lakini sheria ya elimu ya taifa, namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014, inazihesabu shule za konvansioni kuwa shule za Serikali, sawa na zile ambazo Serikali inazisimamia yenyewe.

Asili yake ni mkataba wa tarehe 26 Februari 1977. Mwishoni mwa mwaka 1974 Serikali ilikuwa imezichukua shule za makanisa. Kwa mkataba ule, usimamizi ulirudishwa kwa Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbanguisti. Waislamu waliingia baadaye. Tangu hapo Kanisa linasimamia, na Serikali inaweka programu, inakagua na inalipa mishahara. Kwa hiyo mipaka ya siasa iliyo katika shule ya Serikali imo pia katika shule yenye jina la Kanisa mlangoni.

Tulikotoka

Wazee wetu wanakumbuka miaka ya Zaire. Kila raia alihesabiwa kuwa mwana wa MPR tangu kuzaliwa, na mwalimu hakuwa na la kuchagua. Watoto waliimba sifa za Rais, na somo la dini liliondolewa, mahali pake yakawekwa mafundisho ya Mobutu. Shule iligeuka kuwa tawi la chama. Vyama vingi vilitangazwa tarehe 24 Aprili 1990. Sheria za leo zinazotenganisha shule na chama zinaeleweka vizuri tukikumbuka historia hiyo.

Haki ambazo mwalimu anabaki nazo

Mwalimu ni raia. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 6, inampa kila Mkongomani mwenye haki zake za kiraia na za kisiasa ruhusa ya kuunda chama au kujiunga na chama anachopenda. Kifungu cha 23 kinalinda uhuru wa kutoa maoni. Kifungu cha 13 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya maoni ya kisiasa, katika elimu na katika kupata kazi za Serikali.

Maana yake ni hii: mwalimu anaweza kuwa na kadi, kupiga kura, na kwenda kwenye mkutano siku ya Jumamosi akiwa amevaa fulana ya chama chake. Si halali kumhamisha au kumnyima kazi kwa sababu hiyo. Neno hili linatuhusu sisi viongozi wa Kanisa kwanza, kwa kuwa sisi ndio tunaopendekeza majina.

Kudai mshahara pia si kufanya siasa ya chama. Vifungu vya 38 na 39 vya Katiba vinatambua uhuru wa sendika na haki ya kugoma kwa kufuata sheria. Mwalimu anayegoma pamoja na sendika yake asiitwe mpinzani.

Mambo ambayo si mali yake

Kifungu cha 193 cha Katiba kinasema kwamba utumishi wa Serikali hauna chama, hauegemei upande wowote, na hakuna mtu anayeweza kuugeuza kuwa chombo chake au cha chama. Sheria ya uchaguzi, namba 06/006 ya tarehe 9 Machi 2006, ambayo imerekebishwa mara kadhaa, inaongeza katika kifungu cha 36: mali, fedha na wafanyakazi wa Serikali visitumike katika kampeni.

Tukileta maneno hayo mpaka darasani, tunapata mambo haya:

- Saa ya masomo ni ya watoto. Mwalimu asiitumie kumsifu au kumtukana mgombea.
- Darasa, uwanja, mhuri na karatasi za shule si vyombo vya kampeni.
- Wanafunzi wasitolewe darasani ili wajaze mkutano wa chama, wala wasipewe fulana za mgombea wakiwa shuleni. Wengi wao hawajafikisha miaka 18 ya kupiga kura.
- Mwalimu anayefanya kazi ya CENI katika ofisi ya kura, kama wengi wanavyofanya, asichanganye kazi hiyo na kazi ya chama.

Na amri ikitoka juu? Tuseme mkubwa anampigia direkteri simu, anataka madarasa yafungwe ili watoto wakamshangilie mgombea. Kifungu cha 28 cha Katiba kinasema mtu halazimiki kutii amri ambayo ni wazi kwamba inavunja sheria. Tunajua kujibu hivyo si rahisi kwa mtu mwenye watoto sita na mshahara mdogo. Kwa hiyo tunashauri direkteri aombe kwa heshima amri hiyo iandikwe, kisha amjulishe mratibu wa shule. Asiachwe peke yake.

Mwalimu anayetaka kugombea

Njia iko wazi, lakini ina mlango wake. Kifungu cha 10 cha sheria ya uchaguzi kinasema mtumishi wa Serikali hawezi kugombea kama hana uthibitisho kwamba ameomba kuwekwa kando ya kazi kwa muda, yaani barua ya disponibilite, kabla ya siku ya mwisho ya kupokea majina. Mwalimu anayelipwa na Serikali asifikiri kwamba barua ya mchungaji inatosha. Aandike mapema, na abaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa. Akishinda, akumbuke kifungu cha 108 cha Katiba: ubunge haushikwi pamoja na kazi ya kudumu ya Serikali.

Neno kwa makanisa yetu

Tunarudi kwa yule mgombea aliye mshiriki wetu. Anatoa sadaka vizuri, labda alisaidia kununua mabati ya shule. Akiomba darasa, jibu ni hapana, na ni vema jibu hilo litoke kwa wazee wa kanisa, si kwa direkteri peke yake. Tukimkubalia mmoja, kesho hatutakuwa na neno la kumwambia mwingine, na mtoto wa mzazi wa chama kingine atajiona mgeni katika shule yake.

Hapa Musonoi, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa migodi, familia zilitoka sehemu nyingi, na watoto wao wanakaa benchi moja. Bwana ametupa watoto hao kama amana, na wakili hupimwa kwa uaminifu wake. Tuwaombee walimu wetu, tuwalinde wanapokataa yasiyo halali, na sisi wenyewe tusiwe wa kwanza kuwaomba wayafanye.